Kuanguka Mbele ya Wapimaji

Beppu, 4 Oktoba

Mpwa wangu Kiyoharu,

Kosa wanalofanya watu wengi wakitazama mbio za viti vya magurudumu ni kutazama mikono. Wanaona glavu zikipiga pete za magurudumu, wanashangilia. Mimi niliyewanyoosha viungo wagonjwa wa uti wa mgongo kwa miaka thelathini na minane natazama tumbo na kiuno. Kwa hayo ndiyo wakimbiaji hugawanywa makundi: mwenye kiwiliwili chenye nguvu hashindanishwi na yule ambaye mwili wake, kuanzia kifuani kushuka, haumtii.

Nimeanza vibaya, hata salamu sijatoa. Hujambo? Bega la kushoto limepoa? Sisi wazima. Mke wangu Fumiko anauliza kama unakula vizuri.

Jumamosi ulipokuja tulikwenda kuoga kwenye chemchemi ya maji ya moto ya mtaani kwetu. Ukasema, "Mjomba, geuka nikusugue mgongo, wazee kwanza." Ulikuwa umeketi kwenye kigoda kisicho na egemeo. Ukachota ndoo kwa mikono miwili, ukainama, ukainuka, ukanimwagia maji. Hukushika kitu. Mzee Goto muuza tofu akacheka, "Oneni bingwa wetu, kiuno cha mcheza mieleka ya sumo!"

Mtu wa kundi unaloshindana humo, lile la wasiotiiwa na kiwiliwili, asingeweza hivyo, Kiyoharu. Angeanguka kifudifudi. Nieleze.

Mjomba wako,
Teruhiko

Oita, 11 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Bega limepoa, nakula, mwambie Mama Fumiko asihofu.

Kuhusu ulichouliza: mwili una siku zake. Siku ile maji ya moto yalinilegeza misuli, basi. Wamelitundika tena bango langu kituo cha treni, jina langu limefunika nusu ya ratiba. Kila asubuhi mkuu wa kituo ananiinamia mpaka kofia inamdondoka. Jana aliniambia, "Bwana Kiyoharu, mwaka huu ni wa nne, usituangushe!" Unataka niwaambie nini watu hawa?

Mbio ni tarehe 19 mwezi ujao. Naomba tusiliongelee tena. Isitoshe, kila ninachokijua kuhusu kile kipimo cha kugawa makundi ulinifundisha wewe.

Mpwa wako,
Kiyoharu

Beppu, 15 Oktoba

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi si wagonjwa, ila sentensi yako ya mwisho imenikaa kooni siku nne.

Ni kweli. Usiku wa kuamkia kipimo hukulala kwa hofu, nami, kwa kupenda kwangu kueleza, nikakueleza kila hatua. Daktari ataweka kiganja kifuani mwako akusukume. Mwenye misuli ya tumbo hujizuia. Asiye nayo huanguka hivi, nikakuonyesha pale jikoni, nikaangukia gunia la mchele. Ukacheka, ukaniiga. Uliiga vizuri mno.

Sasa sikiliza langu, maana sikuliandika mara ya kwanza. Sikugundua kwenye chemchemi. Nilijua tangu siku uliponionyesha karatasi ya majibu ya kipimo, miaka mitatu iliyopita. Nilijua wamekupanga kundi lisilo lako. Nikaikunja, nikakurudishia, nikasema hongera. Mwezi uliofuata ukashinda, picha yako ikabandikwa kwa kinyozi, nikaanza kupita pale hata siku ambazo sikuwa na nywele za kukata. Nilikuuliza kana kwamba sijui ili uwe mwongo peke yako. Naona aibu kuliandika hili.

Usishindane tarehe 19. Waombe wakupime upya.

Mjomba wako,
Teruhiko

Oita, 20 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Sikukujibu kwa mwezi mzima. Nisamehe. Mwajionaje huko? Baridi imeanza.

Nimeshinda. Utakuwa umeona kwenye televisheni.

Ambalo hukuliona ni hili. Nilikuwa navua glavu, Hirakawa akaja. Unamfahamu, yule anayejifunga mkanda kifuani asiangukie mbele, aliyekuwa wa pili miaka yote minne. Akasema kwa sauti, "We mtu unakula nini? Mgongo wako naujua kuliko wa mke wangu, ndio ninaoutazama tu!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Halafu akasogea, akasema taratibu, "Naacha, Kiyo. Nilijiwekea ahadi: nikifanya mazoezi mara mbili ya mwaka jana na bado nisikufikie, basi mwili wangu hautoshi. Nimefanya. Hautoshi. Asante kwa kunipa jibu la wazi."

Akaniinamia, mkono mmoja umeshika fremu ya kiti, kwa sababu asipoishika hawezi kurudi juu.

Nami nikamwinamia. Na nikashika fremu, Mjomba. Hakukuwa na mpimaji wala kamera, tulikuwa sisi wawili, na mkono wangu ukaenda wenyewe ukashika.

Tangu jana siwezi kuutazama mkono huo. Kesho wananitaka ukumbi wa mji kwa sherehe. Niambie nianzie wapi.

Mpwa wako,
Kiyoharu

Beppu, 21 Novemba, asubuhi

Mpwa wangu Kiyoharu,

Marahaba. Barua yako imefika sasa hivi. Fumiko anakuletea hii mkononi kwa treni, kwa hiyo utaisoma kabla ya sherehe.

Nilianza kukueleza kanuni za chama cha mbio, nani huandikiwa kwanza na medali hurudishwaje. Nimezichana kurasa tatu. Nimekueleza mambo ya kutosha katika maisha yangu.

Barua yangu kwa chama ipo mezani, imeshafungwa. Nimesema nilichokijua na tangu lini. Nitaitia posta saa kumi jioni, nawe utaandika yako. Bango litashushwa, kinyozi atabandua picha, na mimi nitapita mtaa huo huo kununua tofu kwa Mzee Goto. Tutazoea au hatutazoea.

Lakini kuna mtu ambaye tangu juzi anaamini mwili wake hautoshi. Asije akalisoma hili gazetini.

Ukumbi wa mji usiende. Nenda leo, kabla ya saa kumi, nyumbani kwa Hirakawa, ukamwambie mwenyewe.

Mjomba wako,
Teruhiko