Baba, Anko Mutiso Ameninyoa Bila Maji

Baba,

Anko Mutiso ameninyoa bila maji, na ameniagiza nikuambie. Ndiyo maana nimekaa hapa jikoni na kalamu, chai pembeni, Mama akiwa amekwenda mazoezi ya kwaya. Wiki ya mwisho ya ligi nimeshindwa vibaya sana, na tangu uondoke sijapata usingizi mtamu kama wa jana.

Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze vizuri.

Mama hajambo. Amerudi kazini wodini, na koti lako bado liko nyuma ya mlango kwa sababu anasema linazuia baridi. Majirani bado wanabishana kuhusu Brexit pale pale ulipowaacha. Besiboli yenu Mama hajaielewa mpaka leo. Juzi alimwambia mchungaji kwamba umetuachia timu Marekani, mchungaji wa watu akadhani tumekuwa matajiri. Ikabidi nimfafanulie: timu ni ya kubuni, Mchungaji. Ni Wakenya wanane, wengine hapa Birmingham, wengine Marekani. Kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli wa ligi ya kule. Wakipiga vizuri kule, yeye anapata pointi huku, na kila wiki anapambanishwa na mwenzake. Akauliza kama kuna pesa. Nikamwambia hakuna, ni majivuno matupu. Akaridhika.

Ugonjwa huu uliupata ulipokuwa mwanafunzi Kansas ukauleta hapa mtaani Kings Heath, ambako hakuna mtu aliyekuomba. Nakukumbuka asubuhi, sare ya dereva wa basi umeshaivaa, unakoroga uji kwa mkono mmoja, simu iko mkono mwingine, kwa sababu wao hucheza sisi tukiwa tumelala na matokeo tunayakuta tukiamka. Mambo mengine yote nilikujibu kwa Kiingereza, hata uliponigombeza. Lakini kwa besiboli ulikataa katakata. "Mpira huu ni kwa Kiswahili, Wakesho, au nyamaza." Basi nikajua kusema makadirio ya mpigaji kabla sijajua mwiko wa uji unaitwaje.

Ulinianzishia kwa shotistopu, yule mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kazi yake hasa ni kukimbia na kudaka, ulisema, kwa hiyo ukimpata anayejua na kupiga, mshike. Anza na miguu. Halafu tazama mipira mibaya anayoiacha ipite, maana mpigaji hodari utamjua kwa anachokikataa. Kisha chukua miaka yake mitatu, huu wa karibuni uupe uzito zaidi, na mwisho umpunguzie kwa ajili ya umri. Nami nikimtaka kijana aliyewaka mwezi mmoja tu, mwiko ulikuwa juu: "Kushiba si kunona!" Kisha inakuja hadithi ya mbuzi wa mnadani kule Taita, walionyweshwa maji asubuhi ili matumbo yajae, na mnunuzi mjinga anayelipia tumbo. Ile hadithi niliichoka, Baba. Sasa naisimulia mwenyewe kwa wenzangu kazini, na wao pia wamenichoka.

Tulibishana, si unakumbuka? Nilikwambia zamani zako shotistopu anayepiga alikuwa adimu, lakini siku hizi wamejaa, kila timu ina wake, hakuna haja ya kumng'ang'ania mmoja kama kupe. Ukasema mimi ni mtoto. Na wewe ukaendelea kumng'ang'ania yule mkongwe wako uliyembatiza Mwalimu, kwa sababu alikuwa na sura ya mwalimu wako wa hesabu.

Uliponiambia pale hospitalini kwamba timu isife, nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa naogopa utachoka kuongea. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na langu. Nilitaka kujua kama uliyonifundisha yameingia kichwani mwangu, au yalikuwa yako tu na yameondoka nawe. Hilo tu, Baba. Sikutaka kombe.

Basi ligi ikaanza, nami nikaanza kushinda. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikampiga Anko Barasa. Nikampiga Anko Mutiso, Baba, Mutiso wa Northfield, adui yako wa miaka yote na wa kwanza kulibeba jeneza lako. Mwezi wa tano huyo huyo Mutiso akanipa mpigaji wake bora tubadilishane na mtu ambaye hata mama yake mzazi asingemchagua. Nikajiambia nimemzidi akili. Nilikuwa natembea High Street kifua mbele, nikiamini kwamba damu yako inafanya kazi.

Kisha asubuhi moja nikaangalia timu ya Anko Barasa, ambaye wiki ile alikuwa zamu yangu. Wapigaji wake wazuri wote alikuwa amewakalisha benchi, ambako pointi zao hazihesabiwi, na kule Marekani walicheza, wakapiga mpaka nje ya uwanja. Nikadhani amesahau. Nikarudi nyuma kuangalia wiki nyingine. Mutiso, benchi. Wale wa Marekani, benchi. Kila aliyekutana na mimi alikuwa amewakalisha watu wake bora, na wiki inayofuata, akikutana na mwingine, anawarudisha.

Nilimuuliza Mama, akacheka mpaka akashika meza. "Kwani hukujua? Hiyo ni rambirambi." Kumbe walikubaliana hapa hapa sebuleni kwetu, siku ya maombi, wakiwa na sahani mapajani: nyumba yenye matanga haipigwi. Wengine huleta unga na sukari. Wao waliniletea ushindi.

Nilikasirika vibaya sana, na nikaona haya kukasirika, kwa sababu ni wema. Lakini walikuwa wamenichukulia kitu kile kile nilichokitaka. Sikujua tena kipi kimetoka kwako, kipi kimetoka kwao. Nilikuwa mbuzi wa mnadani, tumbo limejaa maji, na mnunuzi mjinga pia ni mimi. Nililia, nikakukasirikia na wewe, sijui kwa kosa gani. Kwa kutokuwepo, labda.

Mama ndiye aliyesema, kama mtu anayeongea na sufuria: "Matanga huanuliwa, mwanangu. Hayajianui."

Basi tukayaanua. Jumamosi mchana, Mama akapika kimanga chetu cha Taita, mihogo iliyopondwa na maharagwe, kwa mihogo ya dukani Balsall Heath, na ilikuwa na nyuzi, akailaumu mihogo. Anko Mutiso na Anko Barasa wakaja, wale wa Marekani wakawa kwenye simu, tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Walipokwisha kula nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema, "Anko zangu, asanteni. Baba amezikwa. Kuanzia leo nipigeni." Anko Barasa akatazama zulia. Anko Mutiso nikamrudishia mpigaji wake, nikaibonyeza simu mbele ya macho yake.

Mutiso akafuta mdomo, akasema, "Sawa, my dear. From Monday hakuna huruma. Nitakunyoa bila maji, wewe na ukoo wako wote wa Wataita." Mama akapiga vigelegele. Ule utani ulikuwa wenu. Tangu tukuzike hakuna aliyethubutu kunitania.

Na kweli wakanipiga. Juni, Julai, walinichapa bila kunionea haya, na kila Jumatatu Anko Mutiso alikuwa ananitumia picha ya wembe. Lakini nilianza kukusikia tena. Nikakaa na wachezaji wangu mmoja mmoja: miguu, mipira wanayoiacha, miaka mitatu, umri. Nikafika kwa Mwalimu.

Baba, miguu ilikwisha. Ilikwisha mwaka juzi na wewe uliiona, kwa sababu hesabu ni yako. Alikuwa anaufikia mpira umeshapita. Angekuwa mchezaji mwingine ungemwacha asubuhi ile ile kabla uji haujapoa. Hukumwacha kwa sababu na wewe ulikuwa umeanza kupumzika katikati ya ngazi, nami nilikuwa nakuona, na hakuna aliyetaka kusema. Ndiyo maana nami nilimshika. Nilidhani nikimwachia nimekuachia wewe.

Nilimtoa Jumapili baada ya ibada, nimekaa ndani ya gari. Nikalia kidogo. Kisha nikapumua, nikashangaa jinsi pumzi ilivyoingia yote. Wewe hukuwa umeenda popote. Nafasi yake nikampa kijana mmoja asiyejulikana, ambaye hajawaka mwezi wowote, lakini mipira mibaya anaiacha ipite kama mtu anayeombwa nauli na asiyemjua. Niliona atapanda kidogo kidogo. Akapanda kidogo kidogo, vile vile nilivyokadiria! Anko Barasa akaniandikia kuniuliza nilimwona wapi. Sikumjibu siku mbili, ili aumie.

Nimemaliza wa tano kati ya wanane. Wa tano wa kweli, Baba. Hakuna aliyenipa.

Wiki ya mwisho nilikuwa na Anko Mutiso, akaniwekea wapigaji wake wote uwanjani mpaka wenye maumivu ya goti. Jana akapiga simu, anacheka kabla sijasema haloo. "Niece! Nimekunyoa! Mwambie baba yako..." Kisha akakatika. Nikasikia anavyohema. Sikumsaidia, nilimwacha. Akarudi, sauti imeshuka: "Mwambie tu. Nimemnyoa binti yake, kavu kavu."

Basi nimekuambia.

Bado moja. Unajua sheria, kila mmoja anaruhusiwa kubaki na mchezaji mmoja tu mpaka mwakani, na wote hubaki na aliye bora. Leo asubuhi majina yametoka. Mimi nimebaki na kijana wangu. Anko Mutiso, mwenye wapigaji wale wote, amebaki na Mwalimu. Nikafuatilia: alimchukua Jumapili ile ile niliyomtoa, na hajamchezesha hata siku moja. Amemkalisha benchi muda wote huo, na yeye ndiye aliyekuwa anamwita kiwete kwa sauti kuliko wote.

Nilitaka kumpigia simu nimwambie matanga tulishayaanua. Kisha nikaelewa kwamba hii rambirambi haikuja kwangu. Ni yako na yeye. Nimeiacha ilivyo.

Lala salama, Baba. Uji nakoroga mimi sasa, na unashika chini kama wako. Nakuahidi timu haitakufa, na nakuahidi hili pia: mwakani rafiki yako anaingia ligi huku nafasi yake moja imejazwa na mzee asiyeweza kukimbia. Sitamhurumia. Nitamnyoa bila maji, kisha nitakuandikia.

Binti yako,
Wakesho