Maini Mfukoni

Jumatatu, 3 Machi

Mbwa wetu Kisirani kamng'ata fundi viatu. Mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Mkono wa nyundo.

Saa tatu asubuhi, wateja wanne kwenye kaunta, mimi nakata mbavu. Fundi kapitia mlango wa uani kuomba maji, kama siku zote. Kanisalimia kwa kunyanyua kinyundo chake — shemeji, habari za damu? — utani wake huo huo wa kila asubuhi. Basi. Mnyororo ukakatika. Hata kubweka hakubweka. Nilisikia fundi analia kama mtoto, na meno kwenye mfupa. Sauti hiyo naijua, ndiyo kazi yangu.

Nilimwagia mbwa ndoo nzima ya maji ya barafu. Hakuachia. Mume wangu katoka na bomba la chuma, kampiga mbavuni mara tatu ndipo akaachia. Ya nne ilikuwa ya hasira tu. Ya tano pia.

Bucha letu halikosi damu sakafuni. Ya leo nilishindwa kuifuta, akaifuta mteja.

Fundi kashonwa nyuzi kumi na moja. Anasema fadhila ya punda ni mateke, na ya mbwa ndiyo hii. Yeye ndiye aliyekuwa akimtupia mifupa!

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa mifugo kaja. Mama wa makamo, mfupi, buti za mpira, kovu refu shavuni — mbwa, zamani, kasema bila kuulizwa. Mume wangu alishaandaa hotuba. Mbwa huyu katoka machinjioni, walinzi walimlea kwa bomba, kafuata toroli letu la nyama mwezi wa kwanza. Hana dawa. Apigwe risasi.

Daktari kamtazama Kisirani kwa mbali, dakika kumi. Halafu kaniuliza mimi, si mume wangu: huyu ana hasira au ana woga?

Woga, nikasema. Nimejuaje? Najua tu.

Kanipa siku ishirini. Tarehe 24 anarudi kumpima: mgeni, mbwa mwingine, fimbo, mkono ulionyanyuliwa. Akirukia hata kimoja, risasi. Na atapiga yeye mwenyewe. Hakuwa anatania.

Mume wangu: mchelea mwana kulia hulia yeye. Eti mbwa huyu alipigwa nusu nusu, ndiyo maana.

Niandike ukweli. Daftari hili linakaa chini ya gunia la chumvi, hakuna anayelifunua. Tangu Kisirani aingie uani, mume wangu hajanipiga. Mara mbili kanyanyua mkono, mara mbili Kisirani kafika mwisho wa mnyororo, meno yote nje, na mkono ukashuka. Mbwa huyu hafi. Nimesema.

Jumatano, 5 Machi

Somo la kwanza. Naandika nisisahau. Mbwa akishalipuka hasikii, hata umwimbie. Usimfundishe hapo. Tafuta umbali ambao anakiona anachokiogopa na bado anaweza kula. Hapo ndipo shule ilipo. Akikiona tu — kipande cha maini. Kesho sogea hatua moja. Na kamba ilegee! Ukiivuta unamwambia kweli kuna hatari.

Nimekata maini vipande vya ukubwa wa ukucha, nimejaza mfuko wa aproni. Mdomoni kavalishwa kikapu cha waya cha Daktari, anakulia humo humo kwenye matundu. Tukaenda uwanja wa nyuma ya gereji. Mtu akipita na chuma mkononi, Kisirani anaweza kula akiwa mbali hatua sitini. Hamsini na tisa, hali. Nimehesabu mara nne.

Sitini! Ua wetu una hatua kumi na mbili, ukuta hadi ukuta. Maskini, hajawahi kupumua tangu aje.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Mbwa mwekundu wa gereji katoka chini ya lori, hana kamba, hana mwenyewe. Alikuja moja kwa moja. Kisirani na kikapu chake hakuweza kung'ata, mwenzake aliweza. Kamchana sikio. Wakabingirika kwenye vumbi la oili, damu inaruka hadi kwenye sketi yangu, na mimi navuta kamba — navuta! — na kupiga mayowe. Nikaokota ubao, nikamtwanga yule mwekundu mgongoni hadi ubao ukavunjika. Akakimbia.

Halafu, Mungu anisamehe, nikamgeukia Kisirani nikampiga teke. Teke la kweli. Yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Akajikunyata. Kichwa chini, bega moja juu. Ndivyo ninavyojikunyata mimi kwenye kona ya friza.

"Wewe ndiye uliyekuwa karibu." Mume wangu aliwahi kuniambia hivyo, akinikanda uso kwa maji ya moto. Kumbe na mimi naweza!

Jumapili, 9 Machi

Hali. Hata maini. Kalala chini ya meza ya kukatia nyama. Daktari kasema nikae sakafuni, nimpe mgongo, nisimwite. Nimekaa saa mbili. Mume wangu kanipita: sasa mbwa ni yupi hapa? Kacheka peke yake.

Baadaye pua ya baridi kwenye kiwiko changu. Nimelia tu, basi.

Jumatano, 12 Machi

Tuna neno. "Niangalie." Anaona kitu, nasema niangalie, anageuza kichwa, anapata maini. Leo kageuka mara kumi na tisa kati ya ishirini. Ya ishirini ilikuwa pikipiki, na pikipiki hata mimi sizipendi. Tumefika hatua ishirini na nane.

Yule mwekundu alipita ng'ambo ya barabara. Kisirani kanguruma, kisha kaniangalia mwenyewe kabla sijasema. Mwenyewe! Nimempa maini yote yaliyobaki, nikarudi bucha nanuka kama kidonda. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jumamosi, 15 Machi

Bado mkono. Fimbo sawa, wageni sawa. Mkono ukipanda juu ghafla anakuwa yule yule wa tarehe tatu. Jana karuka hadi kajinyonga kwa kamba, povu mdomoni. Daktari kasema nahitaji msaidizi. Mtu wa kusimama mbali na kunyanyua mkono, tena na tena, huku mimi natoa maini. Awe yule anayemwogopa zaidi. Akimzoea huyo, wengine ni rahisi.

Nilimwomba fundi viatu. Kanionyesha bandeji: shemeji, mkono wenyewe ndio huu, niunyanyue vipi?

Mume wangu alikuwa ananoa kisu. Kasema: mimi nitasaidia. Kwa sauti nzuri kabisa.

Nilitaka kusema hapana. Lakini tarehe 24 si Jumatatu hii, ni ile inayofuata, na bunduki ya Daktari nimeiona kwenye gari. Nikasema asante.

Alhamisi, 20 Machi

Mume wangu hajakosa hata siku. Anasimama mwisho wa uwanja, ananyanyua mkono, anashusha. Ananyanyua, anashusha. Kama trafiki! Na mimi: niangalie, maini. Niangalie, maini. Hatua arobaini. Ishirini. Tisa.

Leo, hatua mbili. Kanyanyua kiganja juu ya kichwa changu kabisa, kama anayetaka kunipiga. Mimi ndiye niliyefumba macho. Kisirani kageuza kichwa taratibu, kaniangalia, mkia unafagia vumbi.

Mume wangu kacheka hadi machozi. Umemfundisha vizuri, mke wangu. Vizuri sana. Kanishika bega tukarudi nyumbani kama maharusi.

Jumatatu, 24 Machi

KAFAULU!

Daktari kamwondolea kikapu. Mgeni — sawa. Mbwa — sawa. Fimbo imepigwa chini mara tatu, kaniangalia mimi mara tatu. Mwisho Daktari kamsogelea, kanyanyua mkono juu, ghafla, kwa ukali, kapiga na kelele. Kisirani kageuka kwangu: haya, maini yako wapi?

Cheti kina muhuri. Fundi viatu kaja kushuhudia, kasimama nyuma ya mlango wa bucha kichwa tu nje. Daktari kanipa mkono, halafu kautazama uso wa mume wangu muda mrefu kidogo. Sijui kwa nini naandika hilo.

Mnyororo nimeutupa kwenye vyuma chakavu vya gereji.

Jumatano, 26 Machi

Naandika polepole. Vidole viwili vimevimba.

Niliacha mlango wa friza wazi. Kweli niliacha. Asubuhi paja zima lilikuwa linatoa maji. Nilishamwomba radhi. Alifunga mlango wa mbele, akageuza kibao, TUMEFUNGA. Akaja uani. Akanyanyua mkono — na akangoja. Hakunitazama mimi. Alimtazama Kisirani.

Kisirani alikuwa hatua nne. Hana mnyororo, hana kikapu. Akauona mkono. Akageuza kichwa, akaniangalia. Mkia unafagia.

Ndipo akanipiga. Ngumi, si kofi. Ya kwanza jichoni, ya pili sikioni, nikaangukia ndoo za utumbo. Akaniinua kwa nywele anipige vizuri. Nilijikinga, akakanyaga vidole. Hakupiga kelele hata mara moja. Alipiga kama anavyokata nyama, anajua kiungo kiko wapi. Mbwa akawa anazunguka, analia, ananisogelea usoni, ananiangalia. Ananiangalia! Kila kitu kama nilivyomfundisha.

Na mkono wangu ukaingia mfukoni. Sikuutuma. Nimelala kwenye utumbo, damu mdomoni, nikampa kipande cha maini.

Mume wangu kaona. Kaondoka anacheka.

Alhamisi, 27 Machi

Kaniletea gauni. La kijani, rangi niipendayo. Kanikanda uso kwa maji ya moto.

Mwezi wa kumi zilikuwa bangili. Mwaka juzi, simu. Kitu kidogo, kitamu, mara tu baada ya tukio, hata hujapata muda wa kuondoka. Daktari angemsifu. Miaka tisa ananifundisha na mimi nadhani ananipenda! Nimejichukia leo kuliko ninavyomchukia yeye. Gauni nimelivaa. Alitaka kuona kama linanikaa.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemwambia naenda kuchukua dawa ya minyoo ya mbwa. Daktari kaniona jicho, hakuuliza. Nikamuuliza mimi: alichojifunza kinaweza kufutika? Nimrudishie meno yake?

Kasema kinaweza. Wiki moja tu na bomba linatosha. Halafu: kwa nini umrudishe mbwa kwenye kung'ata, apigwe risasi kwa ajili yako? Siku ya kwanza nilikufundisha nini?

Umbali, nikasema.

Haya, kasema, akanipa simu yake nimpigie dada. Dada kasema tu: njoo mdogo wangu, na mbwa wako, si ana cheti? Kesho saa nne nakufuata na pikapu. Hapo kwenu sisimami, naogopa nitamuua mtu. Tukapanga tukutane kwenye kibanda cha fundi viatu.

Jumamosi, 29 Machi

Saa nne na robo. Niko kwenye benchi la fundi viatu, kiroba kimoja cha nguo, Kisirani miguuni. Kutoka mlango wa bucha hadi hapa ni hatua sitini na mbili. Nimezihesabu nikija. Pikapu bado.

Naandika ili mikono ipate kazi. Fundi kanipa chai, kalitazama jicho langu, kasema: kaa, dada yangu. Miaka yote ni shemeji, leo dada. Kasogeza stuli yake mbele yetu kidogo, upande wa barabara.

Mume wangu katoka. Kasimama mlangoni na aproni yangu mkononi. Nimeisahau! Maini yote yamo humo.

Anaita. Sauti ile ile nzuri. Kwanza mbwa, halafu mimi. Rudini tunywe chai. Wateja wanatazama. Katoa kipande cha maini, kakinyanyua juu kabisa kionekane.

Kisirani kasimama. Masikio mbele. Kamba iko mkononi mwangu, imelegea. Sivuti.

Mume wangu anakuja. Hatua hamsini. Mkono bado uko juu. Arobaini na tano. Ananiita jina langu la utani, lile la uchumba.

Fundi kasimama, kashika nyundo kwa mkono wa bandeji. Barabara naiona hadi kona, hakuna pikapu. Arobaini. Kisirani kauona mkono. Hatazami nyundo, hatazami maini. Kageuza kichwa, ananiangalia mimi, na mfukoni sina kitu. Bado ananiangalia. Anangoja nimwambie tunafanya nini.