Parcelle 417 Haina Mtu

Bukavu, 4 Machi 2023

Papa mpendwa,

Jambo sana. Mguu wa shangazi Chantal unaendeleaje huko Shabunda? Hapa Muhumba kwa mjomba, tonton Pascal, tuko wazima, na kule nyumbani Kasha jirani Bintu anakulishia kuku.

Sasa kaa vizuri. Wanafunzi wamenichagua mjumbe wao kwenye komite ya ujenzi ya chuo. Meza moja na rekta, mkuu wa chuo! Tuko mia sita katika chumba cha watu mia mbili, wengine wanaandikia dirishani, na fedha za serikali tunazisikia redioni tu. Basi mjenzi mmoja atatujengea auditoire, ukumbi mpya wa masomo, naye atalipwa ardhi ya chuo: kiwanja, parcelle 417, pembeni mwa mji. Niliuliza nani anakaa pale. Katibu akasema, “Kule hakuna mutu, mademoiselle, iko pori tu.” Tukainua mikono sote, tukatia sahihi.

Binti yako, Eulalie

Shabunda, 2 Aprili 2023

Binti yangu,

Jambo. Shangazi yako ameanza kugombeza watu, basi amepona. Barua ilikawia, ndege zilikosekana.

Nimecheka peke yangu: mtoto wa mlinzi mezani kwa rekta! Miaka thelathini na moja niliwafungulia geti. Lakini mwanangu, ardhi ya chuo ambayo ni pori mimi siijui. Nenda ukaione kwa macho.

Papa yako, Mushagalusa

Bukavu, 21 Aprili 2023

Papa,

Nisamehe, salamu zimenishinda. Barua yako ilinikuta jana nikitoka kumkabidhi mjenzi ile parcelle.

Gari lilishika njia ya Kasha. Likapita kwa Bintu. Likasimama kwetu. Kwetu, Papa! Mpima ardhi alitafuta namba kila mahali, mpaka akaingia banda la kuku, akakwangua kinyesi kwenye kibati ulichozibia tundu: 417.

Nilipiga kelele, “Hapa ni kwetu!” Katibu akafungua orodha ya wakaaji. Jina lako lilifutwa siku ulipostaafu, na nyumba waliyokupa badala ya pansheni ulipewa kwa mdomo tu. Akanionyesha ile PV, kumbukumbu za kikao: “Haina mkaaji.” Chini yake kuna sahihi yangu, nzuri kuliko zote.

Watabomoa tarehe 15 Mei. Nimeitoa nyumba yetu kwa mkono wangu.

Eulalie

Shabunda, 3 Mei 2023

Mwanangu,

Shangazi yako mzima, anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa chini. Nimeshtuka, sikufichi.

Kibati kile nilikitoa getini kwetu mwenyewe mwaka uliozaliwa, mvua ilikuwa inalowesha vifaranga, na namba nikaisahau kabisa. Basi kosa ni letu wawili, usilibebe peke yako. Omba kikao. Mkono ulioinuliwa unaweza kuinuliwa tena, hata kama utakuwa wako peke yake.

Kibati usikiguse. Ndege siingoji, nakuja na moto, pikipiki ya kukodi. Nitakigongomea getini, namba itazame barabara, na kiti changu nitakiweka chini yake. Waje wasome tena.

Papa yako, Mushagalusa,
mkaaji wa 417