Nilimwambia Mtaalamu Kwamba Dada Yangu Hajambo

Shangazi Josephine, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Miyuji, Dodoma, naomba unisaidie maana kichwa kimejaa maswali na nyumbani hakuna wa kumwuliza, kila nikianza mama ananiambia ninyamaze.

Dada yangu Lydia aliolewa na mwanamume wa Marekani akahamia huko, kumbe ndani ya ile nyumba alikuwa anapigwa, anafungiwa, simu yake inakaguliwa, mpaka jirani akaita polisi, na sasa amemkimbia mumewe akiwa na mtoto wao Noeli wa miaka minne, lakini vibali vyake vya kuishi kule vilitegemea ndoa, kwa hiyo amepata wakili wa mambo ya uhamiaji anayemwombea abaki kwa sababu alitendewa ukatili, la sivyo atarudishwa huku na mtoto atabaki kule na baba huyohuyo.

Sasa shangazi, wakili akampeleka Lydia kwa mtaalamu wa saikolojia, mimi nikashangaa, nikajiuliza kesi ya vibali na mambo ya akili yanakutana wapi, au wanataka kusema dada ni kichaa? Tukaambiwa mtaalamu anataka kuzungumza na ndugu aliyekaa na Lydia alipokuja kumzika baba mwaka juzi, na ndugu huyo ni mimi. Akapiga simu ya video jioni, mkalimani yuko pembeni yake, mama amekaa nami kwenye kochi amejifunga kitenge chake cha kanisani, hata akamsalimia yule mtaalamu wa Kizungu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," tukacheka wote. Nikaulizwa, "Dada yako alikuwa anaendeleaje alipokuja?" Nikajibu, "Salama tu, tunamshukuru Mungu." Nikaulizwa kama niliona amebadilika, nikamtazama mama, nikasema, "Hapana, kawaida tu." Akashukuru, akakata.

Na si kweli, shangazi. Lydia katika ule msiba alikuwa akitaka kunywa maji anakuja kwanza kuniuliza kama anaruhusiwa, maji ya nyumbani kwa mama yake! Mtu akifunga geti kwa nguvu, anajibanza ukutani. Kwenye kwaya ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza, lakini siku ya maziko alifungua mdomo sauti haikutoka. Noeli naye, baba yake alikuwa amemzuia kule ili Lydia arudi, na kweli alirudi. Yote haya niliyaona nikayameza, kwa sababu mama anasema ukoo wetu hauna wagonjwa wa akili na mambo ya ndani hayaanikwi kwa wageni.

Juzi wakili kanitumia ujumbe kwamba maelezo yangu hayalingani na ya Lydia. Naomba kujua, kwa nini wakili asimwambie tu mtaalamu aandike ukweli, si wanafanya kazi pamoja? Na nikibadilisha maneno sasa, si nitaonekana mwongo nikamharibia zaidi?

Flaviana, Miyuji

Marahaba, Flaviana. Maswali yako ni mazuri kuliko majibu uliyompa yule mtaalamu, kwa hiyo acha nikugombeze kidogo. Umeulizwa habari za mtu aliyeumizwa, ukajibu kana kwamba umekutana na jirani sokoni Majengo. Najua, ndivyo tulivyolelewa. Mimi mwenyewe niliwahi kulazwa, aliyekuja kuniona akauliza hali, nikamwambia nzuri, na dripu iko mkononi. Lakini mkalimani hutafsiri maneno, hatafsiri malezi yetu.

Dada yako si kichaa na hakuna aliyesema hivyo. Mtu akivunjwa mkono anapigwa picha ya mfupa. Lydia kaumizwa mahali ambapo mashine ya picha haifiki, ndiyo maana wakili akamtafuta mtu aliyesomea kuuliza na kusikiliza, aeleze kwa maandishi kile kipigo kimemfanya nini. Wakili anajua sheria inataka nini, mtaalamu anajua hofu humfanya nini mtu. Wanashirikiana, ndiyo, lakini mmoja hawezi kumtilia mwenzake maneno mdomoni. Akifanya hivyo, afisa wa uhamiaji atakayeisoma ripoti ataitupa, na atakuwa na haki. Wakili yuko upande wa dada yako. Mtaalamu anatakiwa aandike alichokiona na kukisikia tu, na kwako wewe alisikia salamu.

Kwa hiyo mjibu wakili leo, omba kuzungumza na mtaalamu mara ya pili. Usimwulize wakili useme nini. Ukipigiwa, kaa peke yako, au nenda kwa rafiki mtaa mwingine, hata Area D, kama kwenu kuna masikio mengi, na uanze kwa kueleza kwa nini mara ya kwanza ulijibu vile. Watu wa kazi hiyo wanajua kuwa ndugu huficha. Kisha sema ulichokiona: yale maji, lile geti, ile kwaya. Usitie chumvi hata kidogo, na kama hukuona kovu, usiseme uliliona.

Mama yako mheshimu, mpikie, lakini kwa hili usimwombe ruhusa. Mwambie mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba atakayebaki mikononi mwa mwanamume yule ni mjukuu wake. Akinuna, anune.

Liko moja limeniuma. Barua nzima umeniuliza habari za wakili, za mtaalamu, za mama, na hujasema popote kama umempigia Lydia. Wakili hamfichi mteja wake, kwa hiyo dada yako anajua ulichojibu. Bila shaka mumewe alimwambia miaka yote kwamba anajitungia mambo, na sasa amesikia mdogo wake wa damu naye anasema hakuona kitu. Kabla hujamjibu wakili, mpigie yeye. Mwambie, "Dada, niliona."