Nafasi Uliyoniwekea Jikoni

Jengo la 14, ghorofa ya sita,
Vidin.
17 Septemba 2018

Mpendwa kaka Ognyan,

Pokea salamu zetu sote, na ukisikia kelele huko milimani kwenu usidhani ni radi, ni sisi. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji Lilyana amepona lile jino? Tunawakumbuka kila siku, hasa siku kama hizi za kuandaa vyakula vya akiba ya majira ya baridi, maana mikono haitoshi.

Sisi ni wazima. Rado ameota jino la sita. Kalina na Boyan wametimiza miaka minne, na wameigawa nyumba kama majeshi mawili. Nevena kikohozi kimemwacha. Mama mkwe wangu, Bibi Stanka, ni mzima kuliko sisi wote, na bado anaamini kwamba upepo unaopenya kati ya milango miwili umeua watu wengi kuliko vita.

Najua unangoja neno langu kuhusu ile nafasi ya jikoni hapo hotelini kwenu, Novemba hadi Machi. Ulinipa hadi mwisho wa mwezi huu. Sikunyamaza kwa dharau. Jibu ninalo, lakini nikikuandikia jibu tupu utadhani nimerukwa na akili, kwa hiyo nivumilie nianze mbali kidogo.

Kwanza, nisikufiche: nilitaka kuja. Nilitaka mpaka nikawa naota theluji ya huko, nyeupe, kimya, haina nyayo za mtoto hata mmoja.

Unaijua nyumba yetu. Vyumba viwili, watu watano, sita Bibi Stanka akija, naye huja kila siku. Mlango pekee unaofungika kwa ndani ni wa choo. Nikitoka kazini saa kumi hujifungia humo, nakaa kwenye ukingo wa beseni na kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya sabuni. Sasa naweza kukueleza kwa lugha saba namna ya kufua sufu. Dakika ya tatu, vidole vinne vinaingia chini ya mlango.

"Baba, unafanya nini?"

"Nipo chooni, Kalina."

"Unafanya nini chooni?"

"Mtu akiwa chooni hufanya nini?"

"Mama huwa anatuacha tuingie."

Huyo ni Kalina. Boyan yeye hali kitu kilichogusana na kitu kingine. Kipande cha nyanya kikigusa jibini, sahani nzima imekufa, hailiki, na lazima aletewe nyingine mbele ya macho yake. Tulinunua vikombe viwili vyekundu, siku moja, duka moja, na kila asubuhi wanapigana kwa sababu kimoja ni chekundu zaidi. Nimevitazama kwenye mwanga, nimevipima, nimeapa kwa jina la marehemu baba yetu. Hawaniamini. Mimi ni fundi umeme wa manispaa, kaka, watu hunikabidhi transfoma.

Basi ulipoutuma ule mkataba kwa posta mwezi wa Agosti, ile karatasi yenye picha ya mlima juu, niliisoma nimesimama ngazini, nikahisi kama mtu aliyeambiwa kwamba ukuta una dirisha. Kisha nikafanya upumbavu. Niliikunja nikaificha ndani ya buti langu la theluji, kwa hesabu kwamba mwezi wa Agosti hakuna mwenye shughuli na buti la theluji. Kila siku nilisema kesho nitamwambia Nevena. Mwanamume mzima, miaka thelathini na sita, anamficha mkewe karatasi kama mtoto anayeficha daftari la hesabu.

Wiki mbili zilizopita Rado akatembea. Hatua tatu, kutoka kwenye kochi hadi kwenye goti la bibi yake. Bibi Stanka alilia, akajifuta, akatangaza sherehe ya hatua za kwanza: juzi Jumamosi, mkate wa duara wa kuviringishwa mbele ya mtoto aufuate, asali, na majirani wote wa ngazi yetu. Wewe mama alizoea kukusimulia ulivyoviruka vitu vyote vilivyopangwa mbele yako na kukamata mwiko, na leo unapika. Mimi nilikamata bisibisi. Kwa hiyo katika ukoo wetu hakuna wa kumcheka Bibi Stanka anaposema kwamba kitu cha kwanza mtoto atakachookota kwenye kitambaa cheupe ndicho kitakachomlisha.

Sasa, tulikuwa na kilo thelathini za pilipili hoho za akiba zilizoanza kulainika, haziwezi kungoja. Nikajitolea kuzichoma roshani siku hiyo hiyo. Usinisifu. Roshani ni mita mbili kwa moja, kuna jiko la umeme la kuchomea, moshi na ndoo, lakini hakuna mtoto.

Nilikuwa kwenye hoho ya ishirini hivi wakati Bibi Stanka alipopiga kelele ndani, "Nani kaacha mlango wazi? Upepo utampiga mtoto shingoni!" Kalina, ambaye bibi yake amemfunza kazi hiyo kama askari, akakimbia, akaubamiza mlango wa roshani na kuzungusha kitasa kwa nguvu zake zote. Kitasa, ambacho kipo upande wa ndani tu, kikabaki mkononi mwake. Alikiangalia, akaniangalia mimi nyuma ya kioo, akaenda kukificha chini ya kochi.

Nilipaswa kugonga. Sikugonga. Nakuambia ukweli, nilifungiwa nje nikajiona nimefunguliwa. Nilivuta kiti nikaketi, nikatazama mto Danube kule chini na lori moja likivuka daraja kuelekea upande wa pili. Hakuna aliyenipanda begani. Nilichoma hoho taratibu nikasema moyoni, leo usiku namwambia, nakwenda.

Ndani wakaanza. Bibi Stanka alitandika kitambaa, wageni wakasogea, na nikaona kila kitu kupitia kioo: mkasi, kitana, kalamu, mwiko, kipimo cha daktari cha kuchezea. Nevena ndiye aliyevipanga. Mwisho kabisa alitoa kitu mfukoni mwa aproni, akakiweka katikati. Karatasi iliyokunjwa mara nne, mlima juu yake.

Kaka, ilikuwa ndiyo ile ya butini. Hoho ikaungua mpaka ikashika moto.

Bibi Stanka aliviringisha mkate, watu wakapiga makofi, Rado akaufuata kwa miguu yake ya bata. Aliukanyaga mwiko. Aliipita kalamu. Akachuchumaa, akaichukua karatasi na kuitia mdomoni upande wa mlima.

"Karatasi! Huyu wakili huyu!" alipaza sauti jirani Hristo wa ghorofa ya nne. "Atatutoza hata kwa kumwamkia!"

"Karatasi ipi hiyo?" Bibi Stanka akauliza. "Mimi sikuweka karatasi."

Nevena aliichomoa mdomoni mwa mtoto, akaifuta mate kwa aproni, akaja nayo hadi kwenye kioo. Kioo chenyewe unakijua, cha zamani, ukisema kwa nguvu kidogo unasikika upande wa pili na sebule nzima.

"Toka huko tuzungumze."

"Siwezi. Kitasa kimeng'oka."

Alijaribu, akaona ni kweli. "Basi vizuri. Leo huna pa kukimbilia. Siku ishirini, Plamen! Siku ishirini nakungoja uniambie. Nimetafuta buti zako nizipeleke kwa fundi kabla ya msimu, nikakuta barua ya kaka yako."

"Nilikuwa nitakuambia leo."

"Leo ni siku ya watakatifu wote wa waongo?"

Wageni waligeuka kutazama ukuta, lakini hakuna aliyeondoka. Hristo alikuwa anatafuna polepole asikose neno.

"Nimechoka, Neva," nikasema. Sikupanga kusema hivyo. "Nawapenda mpaka kifua kinauma, na nimechoka. Nilitaka kutoka kidogo."

Nilitegemea alie au anipigie kelele. Aliikunjua ile karatasi akaibandika kwenye kioo, mbele ya pua yangu, na kidole chake juu ya mstari mmoja.

"Nimeisoma mara nne. Wanataka mtu wa kukanda unga, kuoka mikate na keki. Wewe yai linakushinda. Nani katika nyumba hii amesomea kuoka? Nani hajashika kazi yake miaka mitano?" Aligonga kioo kwa kidole. "Unajificha chooni, nami nakuacha, nasema maskini amechoka. Mimi nikienda chooni wanaingia wote watatu na kitabu cha picha. Mimi nijifiche wapi, Plamen?"

Kaka, miaka yote hiyo nilidhani gereza ni la mtu mmoja, kumbe mwenzangu yumo ndani kabla yangu na ndiye anayenipikia.

Bibi Stanka alipata kauli kwanza. "Mama aache watoto wadogo, aende kwa watu? Watu watasemaje?"

"Wakisema, waambie waje kuosha vyombo," Nevena akamjibu bila kugeuka. Alikuwa ananitazama mimi.

Ningependa kukuandikia kwamba nilifurahi. Hapana, niliogopa. Niliwaona Kalina na Boyan wamesimama nyuma yake wakinitazama kama samaki wa kwenye tangi, nikaona Novemba, Desemba, Januari. Ile theluji ilikuwa yangu! Lakini nilimtazama mke wangu vizuri, jambo ambalo nadhani sijalifanya tangu Rado azaliwe, nikasema kwa nguvu wasikie wote, "Nenda wewe."

Hapo ndipo alipolia. Hristo alimaliza mkate wake, akaenda kuleta bisibisi.

Basi jibu ni hili: lifute jina langu kwenye ile nafasi uandike Nevena. Kama meneja ataleta maneno, mwambie aonje kwanza keki yake ya mbegu za mipopi. Bibi Stanka amenuna siku mbili, na leo asubuhi ametangaza kwamba kwa kuwa hakuna anayemsikiliza, atahamia kwetu na godoro lake hadi Machi. Kwa hiyo tutakuwa watano vilevile, ila mmoja atakoroma. Mimi nimeanza mafunzo: leo nimesuka nywele za Kalina, na mwalimu wa chekechea akauliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

Msalimie sana shemeji Lilyana, na mpwa wangu Momchil mwambie asome. Shangazi Gina anawasalimu na atampa Nevena mtungi wa asali awaletee. Mungu awalinde huko barabarani na kwenye theluji, na sisi atulinde humu ndani.

Atafika tarehe tatu Novemba kwa basi la asubuhi. Nina ombi moja tu. Atakuambia yuko tayari kuanza kazi siku hiyo hiyo, usimkubalie. Mpe chumba, mwonyeshe kwamba mlango una ufunguo, kisha mwache. Akilala mpaka saa sita mchana, akilala mpaka jioni, mtu yeyote asimgongee. Hata nikipiga simu mimi, mwambie nani kapiga akiamka mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyebaki na zamu,

Plamen