Wanu Asiyeogopa Nyumba Tupu

Wanu mwanangu,

Wali na mchuzi wa pweza vimo kabatini, nimevifunika. Usimpe paka.

~~Ukishakula jifungie ndani, usimfungulie mtu mpaka nirudi.~~

Hayo nimeyakata. Asubuhi, ulipokwisha kwenda skuli, Bi Mwatum wa mlango wa pili alipita kunijulia hali. Nikamsifia binti yangu, anayekaa peke yake kila mchana, mama yuko hospitali kwenye zamu, baba yuko bandarini, wala haogopi. Bi Mwatum akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wanu huyu huyu? Kila siku yuko nami barazani nikikaanga bajia. Akikuona unatokeza pale konani, huyo mbio ndani kwenu."

Kumbe ndiyo maana kitabu chako cha hesabu kinanuka bajia. Nilicheka na mimi, kisha ikaniuma. Nilipokuuliza mwanzoni kama utaogopa kukaa peke yako, ulinijibu, "Mimi si mtoto, mama." Nami nikakuamini upesi, kwa kuwa niliogopa kusikia jibu jingine; sikuwa na mtu wa kukuachia.

Sasa tumeshakubaliana naye. Kila siku ukishakula, funga mlango uende kwake. Mwamkie kwa adabu, msaidie kumenya vitunguu, na usimmalizie bajia za wateja.

Baba yako usimwambie kwanza. Huko bandarini bado anajisifu kwa ushujaa wako.

Na leo ukiniona natokeza, usikimbie. Nataka nikukute hapo hapo barazani, turudi nyumbani pamoja.

Mama yako, mwoga mwenzio