Uvimbe wa Kitovuni

Lea, unakumbuka jirani yangu Blandina aliniuliza, "Hiyo kansa ya nyongo haiwezi kutokea tena kwenye matundu waliyokutolea mfuko wa nyongo?" Nikamnunia.

Kumbe inatokea kweli. Ndicho alichoogopa daktari alipokata kipande cha ule uvimbe ulioota kitovuni, kwenye tundu mojawapo, kwenda kupima.

Majibu nimepewa leo. Si kansa. Ni kovu na uzi wa mshono. Uzi, Lea. Bwana asifiwe, nimecheka mpaka nesi kaniletea kiti.

Sasa sikia. Napita kwa Blandina nimpe habari, nakuta kwaya imejaa sebuleni, anawafundisha wimbo wa kuniaga. Kuniaga mimi.

Nikasimama mlangoni nikawaambia, "Sauti ya pili mnashuka mno. Rudieni, marehemu anasikiliza."

Wakaangua kicheko wote. Blandina akatoka kwenye nyumba yake mwenyewe.